Chungu cha Moto Ndani ya Meli ya Mafuta

Wewe uliyekunja mdomo hapo, ukunjue. Hujasikia hata neno moja, tayari uso wako umeshasema "uongo". Ukiambiwa sungura alimhadaa simba unaitikia, tena unapiga makofi. Ukiambiwa meli ilivuka bahari kwa kwenda kinyumenyume, unataka shahidi. Huyo sungura ulimwona wewe? Basi kaa sawasawa. Asiyetaka kuamini aondoke sasa hivi, asingoje mpaka maneno yakolee ndipo aanze kukohoa.

Hapo zamani, siku za vita vikubwa vya pili, mchele ulipokuwa wa kupimiwa na kila kijana mwenye mikono miwili akitafutiwa kazi ya Serikali, palikuwa na meli ya mafuta. Haikuzaliwa askari meli ile. Ilizaliwa Ulaya, mali ya wafanyabiashara, ikibeba mafuta huku na huku kwa amani yake. Vita vilipokuja, jeshi la maji likaichukua, likaipaka rangi ya jivu, likaifungia mzinga mmoja nyuma wa kuwatishia ndege, likaiambia: kuanzia leo wewe ni mwanajeshi. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu kama kamba ya kisima. Mabaharia wa Kilindini walijaribu kulitamka, ndimi zikawachoka, wakaiita Yaya.

Kwa nini Yaya? Kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyonyesha watoto wa wenyewe. Manowari zilikuwa na mizinga, na bendera, na majina ya wafalme, lakini zikishikwa na njaa katikati ya bahari zilimkimbilia yeye. Yaya anateremsha mpira wake mrefu, manowari inaupokea, inanyonya huku inatembea. Ikishiba, inatimua mbio kwenda kutafuta sifa. Yaya anabaki nyuma, mafuta yamemchuruzika kifuani, anamngoja mtoto mwingine. Alikwenda Aden, akaenda Bombei, akaenda Bukini, akaenda Shelisheli. Hakupigwa picha hata siku moja. Mayaya hawapigwi picha.

Ndani yake walikuwamo watu wengi, lakini kesi yetu ni ya watatu.

Wa kwanza ni Mcha Vuai, mpishi, mtu wa Makunduchi, mnene wa kuziba mlango wa jiko, mwepesi wa kuudhika. Tutakwenda na huyu, maana ndiye aliyekuwa na la kupoteza.

Wa pili ni Bwanaheri Lali, Mbajuni wa Faza, serahangi wa meli, yaani mkubwa wa mabaharia wa juu. Mkavu kama papa aliyeanikwa, na maneno yake yana chumvi vilevile.

Wa tatu ni Thoya Mwaringa, Mgiriama wa Kaloleni, mchochea tanuri kule chini kwenye mitambo. Huyu hasemi sana. Akisema, utatamani angenyamaza.

Sasa, Yaya alikuwa na sheria moja juu ya zote: wakati wa kunyonyesha, moto ufe. Sigara ife. Jiko life. Hata viatu vya misumari vivuliwe, visije vikatoa cheche. Na wewe usiinue kidole kuniuliza habari za tanuri la mitambo. Lile lilifungiwa nyuma kabisa, ndani ya kuta za chuma, na halikuulizwa maoni. Moto mwingine wote ulikufa. Na mwuaji alikuwa Bwanaheri. Alipita kwa kila mtu akikusanya viberiti, akavitia ndani ya sanduku la bati, sanduku akalifungia katika chumba chake kule mbele ya meli, ufunguo akauning'iniza shingoni kama hirizi.

Kazi ikiisha, mpishi alipaswa kwenda kuomba.

"Serahangi, kiberiti."

"Cha nini?"

"Cha kupikia. Au nipike kwa macho?"

"Salamu kwanza, mpishi."

"Salaam aleikum, serahangi. Kiberiti."

"Waaleikum salaam. Njiti hii hapa, moja."

"Na ikizimika?"

"Utarudi kunisalimia tena."

Mcha aliondoka amevimba kama andazi. Mtu mzima, mwenye mke, kupanga foleni kwa ajili ya njiti! Kwao Makunduchi bibi yake, aliyemlea, hakupata kuwasha moto mpya tangu alipoolewa. Kila usiku alilizika kaa ndani ya jivu, kila alfajiri akalifukua, akalipuliza, likaamka. Alikuwa akisema, "Nyumba isiyolaza moto ni gofu." Na mwanamke aliyezunguka kwa jirani kila asubuhi na kifuu mkononi kuomba moto, kijiji kizima kilimjua, na hakikumjua kwa wema.

Basi Mcha akafanya nini? Walipotia nanga Mombasa akanunua chungu. Akakijaza jivu nusu. Siku ya kunyonyesha, amri ya kuua moto ilipotoka, akaua jiko lote mbele ya macho ya watu, akamwaga na maji, likalia shaa! Lakini kaa moja lilikuwa limeshalala ndani ya chungu, limefunikwa jivu, juu yake mkungu, kile kifuniko cha udongo, na chungu kimeingizwa ndani ya joko la mikate.

Ndani ya meli yenye tumbo la mafuta! Kosa hilo haliwezi kufanywa na mtu aliyelelewa na kiberiti. Linataka mtu aliyelelewa na bibi.

Tangu siku hiyo Mcha hakwenda tena kuomba njiti. Manowari ikishiba tu, mpira haujakunjwa vizuri, kahawa ya tangawizi inapita, ya moto, inafuka moshi. Mabaharia wanakunywa. Serahangi anakunywa. Nahodha Mzungu naye analetewa chai yake. Nahodha huyo walimwita Bwana Labda, kwa sababu hakupata kusema ndiyo wala siyo tangu azaliwe. Ukimwuliza kama mvua inanyesha, anatazama juu, analowa, anasema labda.

Siku zikaenda. Siku moja huko Bukini meli nyingine ikapita ubavuni mwao, na juu yake alikuwapo baharia wa Makunduchi. Akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele:

"Mcha Vuai! Mkeo anakusalimu!"

"Kamwitikie!" Mcha akajibu, meno yote nje.

"Anasema ukiandama mwezi wa Idd yeye hajakuona, anakwenda kwa Kadhi kudai talaka yake!"

Meli zote mbili zikacheka. Bwanaheri akacheka mpaka akashika kamba. "Haya, mpishi! Jungu lako linaungua huko!"

Mcha hakucheka. Alimjua Bi. Mize. Wanawake wengine husema watakwenda kwa Kadhi kama wewe unavyosema utafunga Jumatatu na Alhamisi. Mize akisema atatwanga, sikiliza kinu. Ndiye mtu peke yake duniani aliyewahi kumwambia Mcha pilau lake lina chumvi nyingi, na lilikuwa nayo. Mwanamume mwenye mke wa namna hiyo akimpoteza hampati tena. Atakula chumvi mpaka afe, na kila mtu atamsifu.

Tangu hapo Mcha akawa anahesabu miezi.

Ukafika mwezi wa Shaaban. Yaya alikuwa amemaliza kunyonyesha manowari mbili, matangi ya mbele ni matupu. Bwanaheri akasema, "Tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Harufu ndiyo inayoua. Lioshwe, viberiti vikae vilevile sandukuni, kisha lijazwe maji ya bahari."

Watu walikuwa hoi. Wakaguna.

"Serahangi," Mcha akasema kutoka mlangoni pa jiko, "unaliosha kama unataka kulitilia maziwa."

"Wewe pika."

Wakaosha, wakatukana kwa siri, wakajaza maji. Kamba za kusugulia hazijakauka, ikatokea nyambizi ya adui, ile meli inayoogelea chini kama papa, ikamtupia Yaya topido. Likampiga mbele, kwenye tangi lile lile.

Hapo ndipo meli ya mafuta hugeuka mshumaa. Lakini yaliruka maji. Maji yakapanda juu kama mnazi, yakawaangukia wote. Pua ya Yaya ikapasuka, na kile chumba cha mbele kikaondoka chote: kitanda cha serahangi, msala wa serahangi, na sanduku la bati lenye kila kiberiti kilichokuwamo melini. Topido lilichagua.

Yaya hakuungua, hakuzama. Lakini alisimama. Maji yalikuwa yamerukia mpaka chini kwenye mitambo, tanuri likazimika, taa zikazimika. Injinia wa Kizungu, ambaye serahangi hakuthubutu kumpekua, akatoa kiberiti chake cha chuma mfukoni, akakibinya, yakatoka maji.

"Bwana," Thoya akamwambia, "humu ndani hata jini wa moto angepata mafua."

Bila moto hakuna mvuke. Bila mvuke hakuna mwendo. Na nyambizi ilikuwa bado iko hapo chini, inajipanga kurudi kumalizia. Bwana Labda akawakusanya watu. Mafuta mazito meusi ya tangi la jirani lililopasuka yalikuwa yametapakaa juu ya sitaha, yamewafika vifundoni. Akauliza, na siku hiyo hakusema labda: "Nani ana moto?"

Watu wakapapasa mifuko iliyolowa.

Mcha akayatazama mafuta miguuni pake. Mwenye kuweka moto mahali pasipo ruhusa, sheria ya jeshi ni jela. Akisema, amekwisha. Asiposema, wamekwisha wote. Akamwona Mize ameketi kwa Kadhi, amevaa buibui jipya, anajipepea.

"Mimi," akasema.

Bwanaheri akageuka. "Una nini?"

"Moto."

"Wapi?"

"Ndani ya chungu."

"Chungu kiko wapi?"

"Ndani ya joko la mikate."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipa njiti moja."

Wangeshikana mashati pale pale, nyambizi ingewakuta wamelala mmoja juu ya mwenzake. Bwana Labda akaingia katikati. Mcha akakimbilia jikoni, akalifukua kaa, akaliongezea wenziwe, akapuliza mpaka chungu chenyewe kikawaka joto. Kisha akakibeba mpaka mlangoni. Akaitazama safari: meli imeinama upande, bila kushika kamba ya ubavuni hupiti, chini ni mafuta matupu, mpaka kwenye ngazi ya mitambo ni mbali. Kaa moja likidondoka, kwaherini. Akainua mguu, akaurudisha.

"Lete," Thoya akasema.

"Utakishikaje? Na kamba utaishika kwa mikono ipi?"

"Nani kasema nitakishika?" Thoya akavua fulana, akaisokota ngata, akaiweka kichwani. "Kwetu mama alizaa wavulana watupu. Maji nilichota mimi. Kaloleni nzima walinicheka, wakaniita bibi harusi. Nitwishe."

Akatwishwa. Akaondoka na moto kichwani juu ya mafuta, mikono miwili ikivuta kamba, shingo imenyooka kama mwari anayekwenda kisimani. Chungu kilimchoma kupitia ngata, nywele zikaanza kunuka, hakuharakisha, hakutikisa. Akateremka ngazi. Dakika zikapita, kila moja na mguu mzito. Kisha chini kabisa Yaya akakohoa. Akakohoa tena. Moshi ukatoka bombani.

Pua ikiwa imepasuka, kwenda mbele kungeyaingiza maji yote ya dunia. Basi Yaya akaenda kinyumenyume. Kama kambakoche wa pwani! Nyambizi labda ilimwona ikadhani amepandwa na shetani, haikumfuata. Alikwenda hivyo hivyo siku kadhaa mpaka akafika kwenye visiwa vya matumbawe, duara kama bangili, maji katikati, mahali manowari zilipojificha. Askari wa manowari walipomwona anaingia matako mbele walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake wakaja na mpira: Yaya, tuna njaa.

Wakubwa wa jeshi wakamkagua, wakasema huyu hatembei tena. Atakaa hapa hapa kama mtungi, awe ghala la mafuta mpaka vita viishe. Na mabaharia wake wakae naye. Lini vita vitaisha? Hilo hakuna aliyelijua, na visiwani pale kulikuwa na nzi na nazi, basi.

Lakini palikuwapo meli moja ya kwenda Kilindini. Imejaa majeruhi, imebaki nafasi moja. Moja. Bwana Labda akawaita wale watatu, akavuta kiko chake.

"Nafasi hii ni ya aliyemwokoa Yaya," akasema. "Labda ninyi wenyewe mtajua ni nani. Amueni kabla nanga haijang'olewa." Akaenda zake. Mjinga? Hapana. Mtu anayejua kukwepa kesi si mjinga.

Wakabaki watatu juu ya ngazi, mashua chini imeshikwa na mpiga makasia anayepiga miayo. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi.

Bwanaheri akaanza. "Nafasi ni yangu. Nisingeliosha lile tangi, tungekuwa majivu. Kuna majivu yanayobeba chungu? Na nyumbani nina binti. Mimi ndiye walii wake, nikaapa haozwi mpaka nirudi. Mchumba anangoja. Kaanza kuota mvi."

"Mwoze kwa wakala," Mcha akasema.

"Nimwoze wewe?"

"Sikiliza, serahangi. Tangi uliosha, ahsante. Lakini viberiti vyote vya meli uliviweka chumba kimoja, ukakitoa chumba sadaka kwa adui. Ungeacha hata kiberiti kimoja kwa watu, tungehitaji nini chungu? Wewe umetuokoa asubuhi, ukatuua mchana. Mimi ndiye niliyewafufua. Nafasi ni yangu. Mnajua mke wangu kasemaje. Bahari nzima inajua."

"Wewe!" Bwanaheri akamsogelea. "Wewe ulilalisha moto juu ya vichwa vyetu miezi yote ile! Siku ngapi tumelala na kifo, kisa Mpemba mmoja hataki kusalimia watu?"

"Mimi si Mpemba."

"Mtu wa kisiwani, nini tofauti! Ni mkosa wewe, si mwokozi."

Mcha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo. "Vizuri. Kama mimi ni mwokozi, nipandisheni meli ile kwa heshima. Kama mimi ni mkosa, nipelekeni Mombasa nikashitakiwe. Meli ni ile ile. Jela ya Mombasa iko karibu na Mize kuliko hapa."

"Ala! Kumbe siku hizi kosa nalo lina tikiti!"

Thoya alikuwa anajipapasa utosini, palipobaki upara wa duara kama kikofia. Akasema, "Tangi lilikuwa limeoshwa. Chungu kilikuwa na moto. Na Yaya alikuwa amesimama. Mmoja anajisifu kwa maji, mwenzake kwa makaa. Mbona havikwenda vyenyewe? Moto hauna miguu. Shingo ilikuwa yangu."

"Na nyumbani una nini kinachokungoja?" Mcha akamwuliza. "Mke huna, binti huna."

"Nina minazi. Mjomba wangu anaigema, tembo anakunywa mwenyewe. Kila siku nikiwa hapa, yeye analewa."

"Minazi ndiyo uilinganishe na ndoa yangu?"

"Mnazi haujawahi kunipeleka kwa Kadhi."

Bwanaheri akataka kucheka, akajizuia, akarudi kwa Mcha. "Mimi nasema hivi: aliyevunja sheria asipewe zawadi. Ningejua habari ya chungu kile, ningekitupa baharini siku ya kwanza."

"Serahangi," Thoya akasema, "kahawa ile ya tangawizi, mpira haujakunjwa, imeshafika mkononi mwako ya moto. Sanduku limefungwa, ufunguo uko shingoni kwako. Ulidhani inachemka kwa dua?"

Bwanaheri akaushika ule ufunguo shingoni.

"Uliomba na kikombe cha pili," Mcha akakumbuka. "Kila siku."

"Na wewe, Thoya?" Bwanaheri akapata pumzi. "Wewe ulijua?"

"Mimi mchochea moto. Naujua moshi wa makaa kama unavyolijua jina la mama yako. Nilijua, nikanywa, nikanyamaza. Kahawa ilikuwa nzuri."

Basi ikawa hivyo. Aliyeuficha moto, aliyeunusa akajitia mafua, aliyeujua akanyamaza: kosa waligawana kama muhogo. Huko mbele mnyororo wa nanga ukaanza kulia, kra, kra, kra. Mpiga makasia akapiga kelele kwamba yeye hakuajiriwa kungoja kesi za watu. Mcha akashika kamba ya ngazi, na Bwanaheri akaishika, na Thoya akaishika, mikono mitatu juu ya kamba moja, na hapana aliyemsukuma mwenziwe na hapana aliyeachia. Mcha alisema neno moja tu, kwa sauti ndogo ambayo mdomo ule haukuwahi kuitoa: "Jamani. Ni Mize."

Mashua ikaondoka na mtu mmoja.

Nani? Msinitolee macho. Nani alipanda ni habari ya mashua. Kwa wenye akili swali ni jingine. Wapo watakaosema serahangi, kwa sababu wanapenda usafi wakisafishiwa na mwingine. Wapo watakaosema Thoya, kwa sababu hawajawahi kubeba kitu kizito wao. Na wanaume wote wanene watasema mpishi. Lakini pimeni vizuri kabla ya kunijibu: mmoja alizuia kifo na akapoteza viberiti, mmoja alivunja sheria iliyowalinda, na uvunjaji ule ndio uliowaokoa, mmoja aliazima shingo yake kwa moto wa mwenziwe na maji ya mwenziwe. Mmoja anangojwa na binti, mmoja na mke, mmoja na minazi, na wote watatu walikunywa kahawa.

Je, nani alistahili?

Haya, bishaneni. Mimi naondoka, na mlango naufunga, nisiwasikie mkikosea.